Nachongesha meza ya kompyuta ya monita tatu, fundi anasema futi sita kwa mbili inatosha. Kweli?

Kisoda_TBT
Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Mimi ni mhariri wa video, hizi za harusi, sendofu, kipaimara, na siku hizi zaidi ni vipande vifupi vya wafanyabiashara wa mtandaoni. Nina monita tatu, moja inchi 27 na mbili inchi 24, zote za mtumba nimeziokota Kariakoo kwa nyakati tofauti. Nimepanga chumba na sebule Tabata, kazi naifanyia sebuleni. Meza niliyonayo ni ya chipbodi, nilinunua dukani, duka silitaji, mwaka haujaisha imebonyea katikati kiasi kwamba ukiweka biro pembeni inabingirika yenyewe mpaka chini ya monita. Juzi monita ya kushoto imeinama nikadhani tetemeko.

Sasa nimeamua kuchongesha. Nimeenda Keko, fundi kanisikiliza nusu dakika akasema "futi sita kwa mbili, mkongo, droo tatu, njoo Jumamosi". Laki nne na nusu. Nimeishika hela mfukoni nikasema ngoja kwanza niulize wajuzi. Futi sita kwa mbili inatosha? Na ni mbao gani? Nipo.

Mnoko255
Inatosha sana tu. Mimi laptopu yangu iko juu ya ndoo na mkono unaenda kinywani. Mnadeka.

dada_kodi
Kaka Kisoda usitoe hata mia kwanza. Huyo fundi kakupimia meza ya kulia wali. Mimi nilishafanya hilo kosa 2021, nikachongesha meza nzuri kweli afu nikaanza kutafuta pa kuzibana skrini, mwisho nikawa nakaa kama nachungulia dirishani.

Anza na monita, meza ije baadaye. Chukua tepu uzipime hizo monita upana wake na fremu zake, sio zile inchi za kwenye boksi maana hizo ni za kona kwa kona. Ya inchi 27 kwa kawaida inakuja kama sentimita 61, ya inchi 24 kama 54. Ukizipanga mstari mmoja unapata 61 na 54 na 54, jumla 169. Futi sita ni 183. Kwahiyo urefu hauna shida, hapo fundi wako yuko sawa.

Shida iko kwenye kina. Futi mbili ni 61 tu. Monita ya katikati stendi yake inakula nafasi nyuma, tuseme kioo kinakaa sentimita 15 kutoka ukutani. Sasa zile za pembeni huwezi kuziweka zimenyooka, lazima uzikunje zikutazame, si ndo maana ya monita tatu? Ukizikunja nyuzi 30 ile ncha ya nje ya monita ya sentimita 54 inakuja mbele sentimita 27. Kumi na tano jumlisha 27 ni 42. Unabakiwa na sentimita 19 mpaka ukingo wa meza, kibodi peke yake inakula 14 hivi. Mausi utaishika wapi? Viwiko vitaning'inia hewani, na macho yako yatakuwa yamesogelea kioo mpaka unahesabu nukta za rangi.

Mwambie kina sentimita 80. Asipoelewa sentimita mwambie futi mbili na inchi saba na nusu.

Kisoda_TBT
Daah. Nimepima sasa hivi, 61.2 na 53.8. Dada umenitoa gizani, maana nilikuwa nawaza urefu tu, kina hata sikukifikiria. Ila 80 si itakula sebule yote? Chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi, na kuna makochi ya watu.

dada_kodi
Makochi ya watu yataelewa. Afu kwanini monita zote ulaze? Umesema unafanya vipande vifupi vya kwenye simu, ile inchi 24 ya kulia isimamishe wima, video ya wima uione kwa ukubwa wake wa kweli. Ikisimama inakula sentimita 33 au 35 tu ya upana. Nyingi za mtumba za maofisini stendi zake zinageuka, jaribu kuizungusha taratibu kwanza ukiinyanyua juu kabisa. Hapo hata meza ya 160 inakutosha, ila kama nafasi ipo piga 180 uweke na spika.

FundiMsumeno
Nimeguswa, mimi ni fundi japo sio wa Keko. Wateja mnatusingizia sana jamani. Mteja anakuja anasema "meza ya kompyuta", hasemi kompyuta ngapi, hasemi anakaa saa ngapi, sasa mimi nitaota? Fundi hujibu alichoulizwa.

Tuje kwenye mbao. Mkongo mbao nzuri sana sitabisha, lakini meza ya 180 kwa 80 kwa unene wa sentimita 3 uso wake peke yake unavuka kilo 30, na hakuna ubao wa upana huo lazima uunganishe vipande vinne au vitano kwa gundi. Sasa hapo ndo penye siri: mbao nyingi tunazouziwa ni mbichi. Ukiunganisha mbao mbichi, ukaja kuiweka kwenye chumba chenye feni na kompyuta inapuliza joto mchana kutwa, itakauka upande mmoja na kupinda au itapasuka kwenye maungio. Utanitukana mimi kumbe mwenye kosa ni aliyeniharakisha na Jumamosi yake.

Mninga unatulia zaidi, hauchezi sana ukikauka, ndo maana wazee waliupenda. Ila angalia usiuziwe ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo, hiyo wadudu wanaibungua mpaka unakuta unga chini ya meza kila asubuhi. Mtiki nao mzuri ukiupata mkavu. Msonobari wa Mufindi bei rahisi lakini laini, ukibana klampu inaacha shimo.

Kwa kazi yako mimi ningekwambia plaiwudi ya milimita 18, ile ngumu nyekundu ya mabanzi mengi. Haipanuki wala kusinyaa ovyo, uso mmoja hauna maungio, na uzito ni kama kilo 15 tu. Chipbodi usirudie. MDF nayo, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa Dar hii yenye unyevu, maji ya glasi tu yakimwagika kwenye ukingo inavimba kama andazi.

Pwani_Kavu
Naunga mkono hapo kwenye MDF. Huku kwetu Unguja nyumba iko karibu na bahari, meza ya MDF miezi minane tu kingo zishafura, rangi imebanduka. Na kama utatia miguu ya chuma basi usimruhusu fundi apake rangi nyeusi juu ya chuma kitupu, apige msasa kwanza, apake ile nyekundu ya kuzuia kutu, ndo ije nyeusi juu. Na ndani ya bomba azibe ncha. Kutu ya pwani huanzia ndani ndugu yangu, utaiona siku inapotoboka.

Mnoko255
Plaiwudi si ndo ile ile itabonyea tena? Watu wanarudi kulekule.

FundiMsumeno
Mnoko leo umeuliza la maana, andika tarehe.

Plaiwudi ya 18 ukiishika ncha mbili tu kwa urefu wa 180 itabonyea, tena mapema. Meza haibonyei kwa sababu ya aina ya mbao peke yake, inabonyea kwa unene na kwa umbali kati ya miguu. Ukiongeza unene mara mbili ugumu unapanda mara nane, sio mara mbili. Na kinyume chake umbali wa miguu ukiuongeza mara mbili inabonyea mara nane. Kwahiyo ile meza ya dukani milimita 15 miguu iko ncha kwa ncha, ilishahukumiwa toka kiwandani.

Dawa ni fremu ya chuma chini. Skwea paipu, yaani bomba la mraba, ya milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2, usikubali ile nyembamba inayoyeyuka kabla fundi hajamaliza kuchomelea. Bomba mbili za kulala, moja nyuma kabisa, moja isogezwe ndani sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele ili mapaja yapite. Na zile droo tatu za katikati sahau, ukitaka droo weka ya magurudumu pembeni.

Rongai_Mbali
Wasee wa Dar, niaje. Mimi niko Nairobi na nilipitia hii story. Miguu yangu ilichomewa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, top ni blokibodi. Kazi ilitoka safi sana kwa yadi. Siku ya kuibeba nyumbani ndio tukajua hatujui. Fremu yote ilikuwa imechomewa pamoja, kipande kimoja, sasa mlangoni inaingia vizuri lakini kuna kakorido kanakata kona kabla ya chumba. Tuligeuza juu chini, tukaisimamisha, tukailaza, wapi. Landlord akatoka kutuangalia na kikombe cha chai mkononi. Ilibidi turudi kuikata na grainda usiku hapo nje, majirani wamekasirika vibaya.

Kisoda pima mlango, na upime kona. Afu wewe ni mpangaji, utahama.

Kisoda_TBT
Aisee hii ya kuhama sikuwaza kabisa, na mwenye nyumba wangu kila mwaka ana "habari mpya" za kodi. Mlango una sentimita 76 na ndani kuna kikona cha hovyo mno. Sasa nafanyaje, isichomelewe?

FundiMsumeno
Ichomelewe vipande. Miguu ya kushoto kipande kimoja, kama herufi H iliyolala, miguu ya kulia vilevile. Zile bomba mbili ndefu ziwe peke yake, kila ncha ichomelewe kibati cha unene wa milimita 5 chenye matundu mawili, zinafungwa kwenye miguu kwa bolti za milimita 8. Usimwache apitishe bolti kwenye bomba tupu akakaze, bomba inaminyika na baada ya wiki inalegea. Na nyuma weka mkanda wa chuma wa mshazari kutoka mguu wa kushoto juu mpaka wa kulia chini, bila huo meza ya bolti itacheza kama kiti cha kilabuni.

dada_kodi
Hapo hapo kwenye kucheza. Ukiwa na monita kwenye mikono ya kubana, ile ya chuma inayoshika monita badala ya stendi, meza ikitikisika sentimita ndogo tu chini, juu kule kioo kinatikisika mara tatu. Kila ukibonyeza kibodi maandishi yanacheza. Huo mshazari usiusahau.

Na Kisoda umeamua nini, stendi zake au mikono?

Kisoda_TBT
Mikono ya dukani ya monita tatu nimeulizia bei nikarudi nyumbani kimya kimya. Nafikiria fundi wa kuchomelea anitengenezee nguzo. Inawezekana?

dada_kodi
Inawezekana, mimi ndo ninayotumia. Nyuma ya monita angalia kama kuna matundu manne yamekaa mraba, yaani kutoka tundu hadi tundu ni sentimita 10, ndogo ndogo zina 7.5. Ndo kipimo cha dunia nzima kwa monita za saizi yetu, bolti zake ni milimita 4. Mara nyingine yamejificha chini ya stendi, itoe kwanza. Kuna za mtumba hazina kabisa, hiyo ibaki na stendi yake usiilazimishe.

Fundi anakata kibati cha sentimita 12 kwa 12, anatoboa matundu manne, anakichomelea kwenye bomba fupi linaloingia kwenye bomba la kulala, na bolti ya kukazia. Nguzo yenyewe isisimame juu ya mbao, ichomelewe kibati chake kifungwe kwenye ile bomba ya nyuma ya fremu. Hapo uzito wote unashuka kwenye chuma, plaiwudi haijui kitu. Kimo, ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho yako au chini kidogo. Sio juu, shingo utailipia.

TAHADHARI bolti zisiwe ndefu. Tundu la monita kina chake ni kama milimita 8 tu mpaka 10. Niliyemuazima drili alikaza bolti ndefu "ishike vizuri" na monita ya mtu ikapata doa jeusi katikati mpaka leo.

Mnoko255
Niliyemuazima drili = mume wako 😂

dada_kodi
Mnoko shika ndoo yako.

Kisoda_TBT
😂😂 Haya na kimo cha meza? Fundi alisema inchi 30, eti ndo kawaida.

dada_kodi
Inchi 30 ni 76, hiyo ni ya kulia na ya kuandikia kwa kalamu. Kaa kwenye kiti utakachotumia, miguu ikae chini yote, kunja viwiko kama unachapa, mtu akupimie kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Hicho ndo kimo cha uso wa meza. Usimkubali mtu akwambie kawaida, kawaida ya nani?

Kisoda_TBT
Mdogo wangu kanipima, 69. Tofauti ya sentimita 7! Ndo maana mabega yananiuma nikimaliza harusi moja nikajua ni shetani.

Waya_Mwekundu
Wakuu mimi ni mtu wa umeme, nimesoma yote nimeona chuma kila mahali na hakuna aliyetaja ardhi, yaani ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja udongoni. Kisoda nyumba yako soketi zina ardhi inayofanya kazi? Sio tundu la tatu kuwepo, nyumba nyingi za kupanga tundu lipo waya haupo.

Nakuuliza kwa sababu hii. Pawa saplai ya kompyuta ndani yake ina kichujio kinachounganisha laini na nyutro kwenye bodi la chuma. Ardhi isipokuwepo bodi linabaki na kama nusu ya volti za ukutani, mkondo wake mdogo sana lakini ukiligusa unasikia kama linakuwasha, wengine wanasema "kompyuta ina shoti". Kwenye meza ya mbao husikii sana. Sasa ukiiweka hiyo kompyuta ikagusa fremu ya chuma, meza nzima inawasha, na wewe umekaa pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Nilishaitwa mahali mtoto anasema meza inamng'ata, watu wameanza kuita shehe.

Fanya hivi: mtu aje apime ardhi kwa mita. Acha ile tabia ya kusukuma tundu la ardhi kwa biro ili uchomeke plagi ya pini mbili. Ekstensheni moja nzuri ya 13A ifungwe chini ya meza nyuma, isilale sakafuni kwenye maji ya deki. Monita tatu zinakula kama wati 90 hivi jumla, kompyuta ya kuhariria tuseme 400 ikichemka, ekstensheni inabeba karibu 3000 kwahiyo nafasi ipo. Lakini pasi HAPANA. Friji hapana. UPS, lile boksi la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ikae chini kabisa kwenye kishubaka chake, ile ni risasi na asidi, nzito, na inataka hewa.

Kisoda_TBT
Mzee umenitisha. Hiyo ya kuwasha INATOKEA, nilijua ni baridi ya chuma. Naita fundi kesho.

Rongai_Mbali
Na waya zipitie wapi? Mimi nilitobolewa mashimo mawili katikati, kila siku kebo inapita mbele ya kibodi kama nyoka.

FundiMsumeno
Usitoboe katikati. Acha uwazi wa sentimita 6 kati ya meza na ukuta au toboa nyuma kabisa shimo la milimita 60, plagi ya pini tatu ipite na kichwa chake. Chini ya ukingo wa nyuma funga kipande cha mfereji wa waya au hata wavu wa kuku, mimi nilishatumia wavu wa kuku na mteja alisifu.

Na ubao wako mmoja wa futi 8 kwa 4 unatosha kila kitu Kisoda, angalia. Ni 244 kwa 122. Kata 180 kwa 80 ndo uso. Unabakiwa na kipande cha 180 kwa 42 na kingine cha 64 kwa 122. Kwenye ile 42 kata mikanda ya sentimita 10 ugundishe chini ya ukingo wa mbele na nyuma, ukingo unakuwa milimita 36, unapendeza na haubonyei. Kinachobaki ni rafu ya spika. Kile cha 64 ndo kishubaka cha kompyuta na UPS. Kumbuka msumeno unakula milimita 3 kila mkato.

Mwisho vanishi. Kataa inayong'aa. Tunapenda kung'arisha sisi mafundi, lakini utakuwa unaona monita tatu juu na tatu nyingine chini mezani.

Kisoda_TBT
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Meza imekamilika na nimeshafanyia harusi mbili juu yake.

Yule fundi wa Keko wa kwanza aliniangalia na karatasi yangu yenye michoro akaniuliza "wewe ni fundi au ni mteja?" nikahamia kwa jirani yake, kijana tu, alikaa na karatasi dakika kumi akauliza maswali manne, nikajua huyu ndo mwenyewe. Kuchomelea nikafanyia Buguruni. 180 kwa 80, kimo 69, plaiwudi, vanishi isiyong'aa. Ardhi haikuwepo kweli, fundi umeme kaichimbia nje, kuwasha kumeisha. Inchi 24 ya kulia iko wima, wateja wakija wanaona video yao kama ilivyo kwenye simu na ubishi umepungua.

Makosa hayakosi. Nguzo ya monita aliifanya fupi sentimita 5, ikabidi aongezee kipande na weldingi inaonekana, nimeiziba na kibendera cha timu. Na mikanda ya ukingo alisahau sehemu inayopita bomba, tukachonga na patasi papohapo.

Jambo moja tu limebaki, sakafu yangu imeinama upande wa dirishani, mguu mmoja unaelea na meza inagonga nikibonyeza kitufe cha nafasi kwenye kibodi. Nimeweka kadibodi lakini naona aibu.

FundiMsumeno
Hongera sana. Kadibodi toa. Geuza mguu, ziba mdomo wa bomba kwa kibati, toboa katikati, chomelea nati ya milimita 10 kwa ndani afu ingiza bolti kutoka chini, kichwa ndo kinakanyaga sakafu. Unaikaza au kuilegeza mpaka meza itulie. Fanya miguu yote minne, ukihama utashukuru.

Kisoda_TBT
Jumamosi nairudisha Buguruni basi, miguu tu maana inafunguka 😄 Ya milimita 10 nabeba spana namba ngapi?

FundiMsumeno
Kumi na saba.